Wengi wa Sura Moja

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu wa kidato cha kwanza. Usicheke. Mimi ni wa kidato cha nne, na hapa bwenini huo ni uzee kamili.

Kijijini kwetu, upande wa Kaengesa, babu alipata ndoo ya vifaranga vya perege, awamwage kwenye bwawa tunalonyweshea ng'ombe. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikavuta soksi ya nailoni majini, nikaikamulia chupani, nikakimbilia shuleni kwa madam wa Biolojia kupima chakula cha samaki, yaani wale wadudu wadogo ambao kitabu kinawaita zuplanktoni.

"Madam, wamejaa kama mnadani Laela!" nikapiga kelele nikiwa nimeinamia hadubini. "Babu amwage tu!"

Akachungulia. "Wamejaa, sawa. Wa aina ngapi?"

Nikatazama tena. Wote sura moja.

"Muhula uliopita tulipolipima na darasa, bwawa hilihili lilikuwa na wenye pembe ndefu, wenye mifuko ya mayai, na wale wanaoruka kama viroboto. Wako wapi? Ukiingia bwaloni ukakuta nzi tu, utasema wanafunzi wapo? Maji yakichafuka hubaki wasiojali. Kawahi hiyo ndoo!"

Wazee husema mwenda pole hajikwai. Siku ile nilijikwaa mara kibao, ila niliwahi. Ndoo ilishaanza kuinama.

"Shikamoo babu, usimwage!"

"Marahaba. Mume mwenzangu, wamekufukuza shule?"

Nikamweleza. Akayatazama matuta yake ya mviringo, yale tunayofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Mwaka ule aliyateremsha hadi ukingoni kufuata unyevu, akaongeza na mbolea ya chumvichumvi. Mvua ikaisomba yote hadi bwawani.

"Kumbe nalilisha bwawa?"

"Unalilisha mpaka linavimbiwa, babu."

Akasonya. Lakini samaki tukawapeleka kwa jirani mwenye bwawa safi, wakaishi. Matuta akayapandisha juu, ukingo akauachia nyasi. Juzi soksi imeleta tena wenye pembe, na babu ameanza kuulizia ndoo nyingine.

Basi mwanangu, wingi si hoja. Ukiambiwa bwawa limejaa uhai, uliza ni uhai wa aina ngapi kabla hujamwaga samaki. Na ukilima, liachie bwawa nyasi zake.

Mungu akupe macho ya kutazama mara mbili, na maji yenye wakazi wa kila sura. Sasa chukua ndoo, kamchotee mzee wako maji ya kuoga.