Paa Lililovuja Upande wa Abiria

Nakumbuka siku moja nilipomcheka mwanamke aliyekuja kuniambia kwamba gari lao linamnyeshea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto mmoja, na nilijiona fundi aliyemaliza kujifunza. Mwanangu, kaa hapa nikusimulie kicheko hicho kilikonifikisha, maana nimeishi nacho miaka zaidi ya thelathini na bado ni kichungu kama shubiri.

Gereji yetu ilikuwa mtaa wa Jericho, huku Eastlands, nyuma ya soko, kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati, udongo wake mweusi kwa oili. Mwenyewe alikuwa Mzee Salim, mzaliwa wa Majengo, mtu mrefu mwembamba asiyevua kofia yake ya kufuma hata akiwa chini ya gari. Tulifanya kazi za bodi: kunyoosha mabati, milango isiyofunga, vioo, mambo kama hayo. Mzee hakuwa msemaji. Aliweza kumsikiliza mteja nusu saa nzima bila kumkatiza, na sisi mafundi wake tulikuwa tukikonyezana, tukiona anapoteza wakati.

Siku zile magari yaliyotumika yalianza kuingia kwa wingi kutoka Japani. Miongoni mwake yalikuwamo madogo ya milango miwili, ambayo paa lake lina vipande viwili vya kioo vya kutoa, kimoja juu ya dereva na kingine juu ya abiria. Unafungua komeo, unakinyanyua kipande, unakiweka kwenye buti, unakwenda zako huku upepo unakupiga utosini. Yalikotoka labda yalikuwa raha. Hapa kwetu, kwa vumbi letu na matuta yetu, raba za pembeni za kuzuia maji zilikauka kama ngozi ya kiatu kikuukuu, makomeo yakalegea, na masika yalipofika kila mwenye gari la namna ile alituletea malalamiko.

Mmoja wao alikuwa Bwana Mutiso, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muthurwa. Alikuja na mkewe, Mwalimu Ndinda, aliyefundisha shule ya msingi. Bwana alibaki kwenye usukani. Mke ndiye aliyeshuka kueleza.

"Fundi, maji yananidondokea hapa," akanionyesha bega lake la kushoto. "Na tukipita kwenye matuta kuna kitu kinagonga juu ya sikio langu. Kinagonga safari nzima."

Sikuingia ndani ya gari. Sikumwaga hata kikombe cha maji nione yanapopita. Nilichukua silikoni nikaipaka kuzunguka kioo chote, nikailainisha kwa kidole, nikawaambia waende. Silikoni, mwanangu, ni dawa ya fundi mvivu. Inaufunika ufa usiuone, na maji hayahitaji kuuona ili yapite.

Wiki haikuisha wakarudi. Nikaongeza silikoni. Wakarudi mara ya tatu, na sasa Bwana Mutiso mwenyewe alikuwa amechoka na safari za gereji.

"Fundi, mimi naliendesha gari hili kila siku," akasema. "Silowi, wala silisikii hilo linalogonga. Sijui mwenzangu anasikia nini."

Nikachukua ufunguo, nikakaa kwenye usukani, nikazunguka hadi Barabara ya Jogoo na kurudi. Nilisikia injini, nikasikia magurudumu, basi. Niliposhuka nikasema mbele ya watu wote: "Mwalimu, gari halina shida. Labda ni masikio ya darasani, yamezoea makelele ya watoto."

Bwana Mutiso akacheka. Mafundi wenzangu wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Mwalimu hakucheka. Aligeuka akatazama ukuta wa mabati, na begani pa sweta yake palikuwa bado na alama ya maji.

Mzee Salim alikuwa anachomelea mlango pembeni. Akaweka chini vifaa vyake, akaja akifuta mikono.

"Mwalimu," akamwambia, "hebu twende sote. Leo mimi nitakaa unapokaa wewe."

Yule mama akajikunja kwenye kiti kidogo cha nyuma, Mzee akakaa pale mbele kushoto, Bwana Mutiso akaendesha. Walikwenda kama dakika ishirini. Waliporudi Mzee alishuka wa kwanza. Aliniita mimi.

"Njoroge, ingia. Kiti cha abiria."

Nikaingia. Akafunga milango, akavuta mpira wa maji, akaanza kumwagia kioo taratibu, kwanza ukingo wa chini, kisha akipanda juu. Kwa muda sikuona kitu, nikaanza kutabasamu. Alipofika kwenye pembe ya nyuma, tone la kwanza likaniangukia begani. Likafuata la pili, palepale alipokuwa akinionyesha yule mama. Kisha Mzee akaligonga paa kwa kiganja, nami nikasikia juu ya sikio langu: tik, tik, tik.

Aliponifungulia mlango alisema kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. Hata katika kunikemea alinisitiri, jambo ambalo mimi sikumfanyia Mwalimu.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umekaa kwa dereva ukasema abiria ni mwongo. Huyu mama amekuja mara tatu, Njoroge. Mtu anayekuja kukuambia, bado anakuamini. Ukimcheka ataacha kusema, na wewe utadhani umelitengeneza gari."

Akanituma nimwombe Mwalimu radhi. Nilikwenda, nikainamisha kichwa, nikasema. Yeye akanijibu, "Haya, fundi. Tengeneza tu."

Tulilitengeneza kwa siku mbili. Kutwa ya kwanza niliibandua ile silikoni yangu kwa kijiti, na kila ukanda uliotoka ulinikumbusha uvivu wangu. Kisha Mzee akaipaka raba chaki, akafunga kioo, akakifungua, akanionyesha mahali ambapo chaki haikushika kwenye kioo. Akabana kipande cha gazeti kati ya raba na kioo na kukivuta, na pale kilipotoka bila kushikwa ndipo maji yalipokuwa yakipita. Vijitundu vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa na tope. Tulivizibua polepole kwa waya wa breki ya baiskeli. Alinikataza pampu ya upepo, kwa sababu upepo mwingi huchomoa bomba lililo ndani ya nguzo inayoshika paa, kisha maji yakaozesha gari pasipoonekana. Kugonga kulitoka kwenye komeo lililolika, nalo tukalivika kipande cha mpira wa tyubu. Mwisho tukazipaka raba glisirini zilainike. Kisha Mwalimu mwenyewe akaingia, tukamwaga maji kwenye paa juu yake mpaka aliposema, "Hapo sawa."

Mafunzo yale yaliniingia, mwanangu. Nisikudanganye kwamba hayakuniingia. Mzee Salim alipodhoofika macho akaniachia gereji, na watu wakawa wananiita Njoroge wa Paa. Walikuja kutoka Buruburu, kutoka Umoja, kutoka Eastleigh. Gari halikutoka kwangu kabla sijakaa kwenye kiti cha aliyelalamika. Mteja akiniambia anasikia sauti nisiyoisikia, nilikuwa naamini sauti ipo, naitafuta hadi niipate. Sifa zangu zilienea, nami nikazifurahia.

Sasa sogea, maana hadi hapa nimekusimulia sehemu iliyo rahisi.

Mke wangu Wangari alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba Muthurwa. Asubuhi moja, ananimiminia chai, akasema, "Baba Njeri, kuna maumivu hapa ubavuni. Yanakuja na kwenda."

Kofia yangu ilikuwa tayari kichwani, nataka kutoka. "Ni hayo mabunda unayobeba," nikamwambia. "Jumapili upumzike."

Baada ya mwezi akaniambia yamerudi. Nikamtazama, nikamjibu, "Mbona nakuona mzima?" Mara ya tatu aliniomba nimsindikize hospitali siku ya Ijumaa. Nikasema Ijumaa nina kioo cha mteja, twende Jumatatu. Jumatatu ilipofika nilisahau, naye hakunikumbusha. Mara ya nne tulikuwa tunatoka kanisani na majirani. Akasimama, akashika ukuta, akainama. "Nisubirini kidogo," akasema. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nikasema, "Huyu wangu ana ugonjwa wa kila juma." Majirani wakacheka. Wangari naye akatabasamu, akajinyoosha, tukaendelea na safari.

Tangu siku ile hakuutaja tena ubavu wake, nami nikadhani amepona. Nilimwambia hata rafiki yangu mmoja, unaona, nilisema ni uchovu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shuleni.

Agosti akaniaga kwamba anakwenda Murang'a kumsaidia mama yake shambani, wiki tatu. Nilimbebea mfuko hadi stendi. Alirudi amekonda, anatembea kwa hatua fupi. Nikamuuliza kama shamba limemmaliza, akasema ndiyo.

Miezi miwili baadaye dada yake Wairimu alikuja kututembelea. Nilikuwa nje navua viatu vya kazi, mlango uko wazi, nikamsikia akiuliza, "Na kidonda kimefunga vizuri?"

Nikaingia. "Kidonda gani?"

Wairimu akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi. "Shemeji, ina maana hakukwambia? Alitolewa figo moja, Agosti ile. Daktari alisema kulikuwa na jiwe, na kama angefika mapema, figo ingepona."

Wangari alikuwa kitandani anakunja nguo za kuuza, zile suruali ndogondogo. Hakuacha kukunja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mumewe.

"Nilikuambia mara nne, Baba Njeri," akasema. "Ya tano nikamwambia dada."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata pa kushika, ningejitetea, tungegombana, labda tungepatana. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nilikwenda Majengo kumwona Mzee Salim, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa. Nikamweleza yote. Akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Mimi nilikufundisha gari, Njoroge," akasema. "Nilidhani nyumbani utafika mwenyewe."

Nilijaribu, mwanangu. Kila jioni nilimuuliza, uko vipi, unaumwa popote. Akanijibu, niko sawa. Miaka imepita, na jibu ni lilelile. Hakuniacha. Tunaishi pamoja hadi leo, ananipikia, tunakwenda kanisani, watu wanatutolea mfano kwa vijana wanaooana. Lakini jino likimuuma anamwambia binti yetu Njeri, na akiwa na huzuni, mimi huijua kwa kusikia watu wengine wakimpa pole. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukipiga magoti na kitambaa.

Mwaka jana aliteleza bafuni akaanguka. Nilikuwa sebuleni, hatua tano, kati yetu mlango mmoja wa mbao. Simu yangu ikalia. Alikuwa Njeri, yuko kwake Kayole.

"Baba," akasema, "mama ameanguka bafuni. Nenda umwinue."

Alikuwa na simu kwenye pindo la leso yake. Alimpigia binti aliye mbali, binti akanipigia mimi niliye mlangoni. Nilipoingia na kumwinua alinishukuru vizuri sana. Alisema, "Asante, Baba Njeri," kama unavyomshukuru jirani.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe uichukue mapema, usingoje kuinunua kwa bei niliyolipa. Mtu akikuambia anaumia, usimpime kwa mwili wako mwenyewe. Inuka ulipoketi, uende ukae anapokaa, hata kama kazi inakungoja, na uende mara ya kwanza, kwa sababu hujui amejiwekea mara ngapi za kukuambia. Usimcheke mbele za watu. Kicheko chako kitaisha barabarani, yeye ataingia nacho nyumbani. Nanyi vijana wa sasa mnaosalimiana "niaje" na kupita bila kungoja jibu, ngojeni jibu. Aliyekuwa akilalamika akinyamaza, usishangilie. Uliza ni nani anayeambiwa sasa badala yako. Na wala usiwe kama mimi, niliyewasikiliza wageni wote wa Eastlands waliokuja na magari yao, nikampitia na kofia kichwani yule aliyekuwa akinimiminia chai.

Mungu akupe mkono mwema katika kazi yako, mwanangu, na akupe sikio jema zaidi ya mkono. Akulindie afya ya unaokula nao. Na wote unaowapenda, awajalie wasichoke kukuambia.