Mkono juu ya kichwa cha Keren

Mama Jokébed alipoanza safari za Butembo kujifunza kufundisha yoga, mtaa wake mzima wa Bungulu, mjini Beni, ulipata la kusema. Wapo waliodai ni dini ya Wahindi. Wengine walicheka tu: mama wa kanisa, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwenye mwili wa kujaza kiti, anakwenda kujikunja sakafuni? Naye hakuwajali. Alivaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kikwembe, akapanda gari, akaenda zake.

Yoga yenyewe haikumvutia kitu. Aliyemfanya atoke Beni ni Keren, binti wa marehemu kaka yake. Msichana huyo alikuwa shambani na mama yake, upande wa Eringeti, siku wenye silaha walipowatokea. Mama aliuawa palepale. Keren walimchukua msituni, na alipofanikiwa kutoroka, shangazi yake akamkaribisha nyumbani. Alikula, alifua, aliulizwa akajibu. Lakini usingizi ulikataa. Alikesha mgongo ukutani, macho kodo. Jokébed alimwombea, akafunga chakula kwa ajili yake, hali ikabaki ileile. Ndipo aliposikia kwamba Butembo kuna akina mama wanaowasaidia watu waliojeruhiwa moyo: wanawafundisha kupumua, kunyoosha viungo, kuusikiliza mwili taratibu mpaka hofu ipungue. Walikuwa wakitafuta watu wa Beni wa kuwafunza kazi hiyo. Hakungoja kuambiwa mara mbili.

Mwalimu wake, Nadège, alikuwa mwanamke mpole mwenye subira ya ajabu, na kwa mwanafunzi huyu aliihitaji yote. Viungo vya Jokébed vilitii kuliko walivyotarajia wote, hata yeye mwenyewe. Kilichogoma ni mazoea. Miaka yote alikuwa mtu wa kuamrisha, "Tufunge macho!", na akimwona mtu anatetemeka katika maombi, anamwendea na kumwekea mkono kichwani.

"Mama Jokébed, hapana," Nadège alimwambia. "Hapa hatuko naamuru mutu. Unamuambia: kama unapenda, funga macho, kama hapana, acha. Na mukono yako uikalishe. Mutu mwenye alipitia ile mambo, usimuguse mbele ya kumuuliza."

"Hata kumubariki?"

"Hata kumubariki. Donc, unauliza kwanza."

Jokébed alicheka, akasema amesikia. Kusikia alisikia.

Ikafika zamu ya kila mwanafunzi kuongoza kikundi katika mtaa wake. Jokébed aliwaalika akina mama wa maombi, wengi wao wakiwa wamekimbia vijiji vyao, na kanisa likampa chumba cha nyuma. Keren alikuwa amekataa na kukataa. Safari hii alikubali.

"Nitakuya, Tante. Mais mutu asinikamate."

"Nani atakukamata? Na miye niko pale?"

Walitandika mikeka. Keren alichagua pa kwake, karibu na mlango. Jokébed alikumbuka maneno yote ya Nadège, akayasema kwa sauti ya chini ambayo watu wake hawakuijua. Mama mmoja alicheka pembeni, mwingine akakoroma. Kisha akamwona Keren: mabega yameshuka, mdomo umelegea, na macho ameyafumba, mwenyewe, katikati ya watu. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu arudi kutoka msituni.

Furaha ikamzidi. Kwao, Mungu akitenda mbele yako hukai umekunja mikono. Unakwenda, unamwekea mtu mkono kichwani, unashukuru. Miguu ilimpeleka kabla akili haijamzuia. Alipita nyuma ya mtoto, akaweka mkono.

Keren alipiga yowe, akaanguka, akatambaa kuelekea ukutani huku akirusha mateke. Nao akina mama, Mungu awasamehe, wakafanya walichozoea.

"Ni pepo! Iko natoka!" mama mmoja, Hulda, alipaza sauti.

Wakainuka wote, wakamzunguka, wakamnyooshea mikono wakiomba kwa kelele. Hapo lilihitajika neno moja: kaeni, ni mimi niliyemgusa. Jokébed alikuwa nalo mdomoni. Lakini aiambie nini jamii yake ya maombi? Kwamba mkono wa kiongozi wao ndio uliomtisha mtoto, na maombi yao yanazidi kumtesa? Aibu ilimvaa, akalimeza neno lile. Tena, kwa unafiki ambao hadi leo unamkosesha raha, akanyoosha mkono akaomba pamoja nao.

Keren alipenya katikati yao akatoka. Kesho yake alipanda pikipiki hadi Mutwanga, kwa wajomba zake.

Jokébed alimaliza mafunzo. Na haki yake apewe: ni mwalimu mzuri. Hamgusi mtu. Akina mama waliokuwa wakikesha sasa wanalala, wanamshukuru kwa ndizi na maharagwe, na kila shukrani inamchoma, kwa sababu yule aliyemfanya aifuate kazi hiyo hayumo.

Mwishowe alijikaza, akaenda Mutwanga. Keren alimpokea kwa adabu, akamtolea kiti, akampakulia chakula, akakaa mbali kidogo.

"Nakuomba musamaha juu ya ule mukono," Jokébed alisema.

"Ya mukono nilishakusamehe, Tante. Nilijua ulikuwa na furaha." Keren alimtazama. "Mais bale bamama banasema niko na pepo. Habari ilifika mpaka huku. Ulibaambia kama ni weye ulinigusa?"

Jokébed aliinamia sahani.

"Bado."

"Siku utabaambia, nitarudia kwako. Hata kesho."

Njia nzima ya kurudi, juu ya pikipiki, alijifunza maneno ya kusema. Aliyapanga vizuri kabisa. Kikundi kilipokutana tena, mikeka ilikuwa haijatandikwa bado, Mama Hulda akamuuliza kwa upendo, mbele ya wote:

"Na Keren wetu? Ile pepo ilishamuacha?"

Wote walimgeukia. Wengine walikuwa tayari wamekaa miguuni pake, nyuso zimejaa imani. Jokébed alifungua kinywa.

"Tuendelee kumuombea," alisema.