Nati za Kipande cha Pili

Nyumba zilikuwa nane, za mstari mmoja, milango yote ikiitazama reli. Stesheni ilikuwa chumba kimoja, na kando yake tangi la maji na duka. Basi. Treni za moshi zilisimama hapo kunywa maji, na watu wakaishi kwa kiu yake. Zilipokuja za dizeli, nyumba tatu zikafungwa. Baadaye treni zenyewe zikakoma, stesheni masta akaondoka na saa ya ukutani kwapani, mwenye duka akafuata. Wakabaki wawili: mzee aliyeitwa Nyundo, na mkewe.

Nyundo alikuwa fundi wa njia miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi alitembea na spana yake, akigonga reli na kukaza nati, kuanzia stesheni hadi darajani. Ng'ambo ya daraja ndiyo kipande cha pili, na hicho kilikuwa cha jirani yake Kimya, mtu wa maneno ya kuhesabu.

Mchana mmoja, reli ikiwa imeliwa na kutu miaka sita, Nyundo alivuka daraja kumtafuta mbuzi wake. Akasimama ghafla. Nati za ng'ambo zilikuwa zimepakwa grisi mbichi. Aligusa, kidole kikatoka cheusi. Tena kila nati ilikuwa imeachwa pembe juu. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyekaza hivyo: Kimya, naye alishazikwa.

"Labda wezi wa chuma," mkewe alisema.

"Mwizi hufungua, mama watoto. Hakazi."

Kesho yake grisi ilikuwa imefika katikati ya daraja. Siku ya tatu ilikuwa imevuka. Mchangani hapakuwa na unyayo hata mmoja. Jua lilipokuwa la utosi wakasikia: ko, ko, ko. Mlio ukakatika kidogo, kiasi cha mtu kupiga hatua chache. Kisha tena: ko, ko, ko. Walitazama njia nzima, nyeupe kwa jua, na haikuwa na mtu.

"Anakuja huku," mkewe alinong'ona. "Mume wangu, una nini na Kimya?"

Nyundo akaketi kizingitini. Akasema. Siku moja, treni zikingali zinapita, Kimya alikuwa na homa, akamwomba ampitie kipande chake. Nyundo alijilaza kivulini mwa tangi, akaamka jua limeshapinduka, akaenda kumwambia, "Nimepita, shwari." Jioni treni ya mizigo ikaacha njia, dereva akafa. Lawama zikamwangukia Kimya, akafukuzwa kazi, na Nyundo akaficha ukweli.

Mkewe hakumtazama. "Dada yake yuko hai," alisema. "Nenda."

Kesho yake Nyundo alitembea tangu alfajiri hadi adhuhuri. Dada mtu alikuwa akianua nguo. Alimsikiliza hadi mwisho, shuka mkononi.

"Alipofukuzwa kazi alikuja kuishi hapa," alisema. "Kila asubuhi akiniuliza, 'Dada, nati zangu za siku za kabla ya homa, nilizikaza au sikuzikaza?' Kila asubuhi, shemeji, mpaka tukamzika. Na wewe ulikuwa na jibu."

"Nisamehe."

"Leo siwezi. Pengine sitaweza kamwe. Ila twende kwa watoto wa dereva, ukayaseme kwa mdomo wako mwenyewe."

Wakaenda. Akayasema amesimama, maana hakuna aliyempa kiti.

Aliporudi siku ya pili, alimkuta mkewe nje, vyombo vimefungwa mafurushi. Grisi ilikuwa imefika mbele ya mlango wao, ikakomea nati moja kabla ya usawa wa kizingiti.

"Jana aligonga hapa hadi saa nane mchana," mkewe alisema. "Kisha akaacha katikati ya pigo."

Saa nane ndipo Nyundo alipokuwa amesimama mbele ya watoto wa dereva.

Hawakulala tena pale. Walihamia kwa binti yao, na Nyundo akaishi miaka minne zaidi. Watoto wa dereva walikutana naye sokoni mara nyingi. Hawakumwamkia, naye hakuwalaumu.