Mwatumu na Bwana Giza

Mwatumu alikuwa fundi cherehani wa Mbwera, na watu walimjua zaidi kwa sauti yake kuliko kwa nguo zake. Kila Alhamisi alirekodi hadithi kwenye simu, akaituma katika kundi la WhatsApp la kijiji. Hadithi iliyopendwa kupita zote ilimhusu Bwana Giza, mtawala wa nchi ya Shambaro, aliyekuwa akimeza visiwa kimoja kimoja. Usiku alihamisha mipaka, asubuhi akaapa kwamba bahari ndiyo iliyosogea. Alishachukua visiwa sita, na bado alitaka cha saba.

Mwatumu alimpa mtawala huyo mguu wa kuchechemea, na mazoea ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema. Kila aliyesikiliza alimtambua Mzee Abdulrazaq, jirani yao wa ng'ambo ya kijito.

Wakati huo mzee alikuwa akidai kipande cha jaruba la mpunga alichokuwa akilima Ismaily, kaka yake Mwatumu. Ismaily aliamini kwa moyo wake wote kwamba ni urithi wao. Mwatumu peke yake ndiye aliyejua ukweli. Marehemu baba yao alimwambia akiwa kitandani, "Lile pande la kijitoni tuliazima kwa Abdulrazaq. Mrudishieni." Mwatumu akaificha siri hiyo, akatunga hadithi.

Siku ya baraza la ardhi la kijiji, mzee aliposimama kueleza, mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Kisiwa cha saba hicho." Watu wakacheka. Hemedy, jirani aliyeahidi kumtolea mzee ushahidi, hakutokea kwa kuogopa kuchekwa. Mzee akashindwa.

Wiki moja baadaye Abdulrazaq alimletea Mwatumu kanzu iliyochanika begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyo Bwana Giza wako, mwisho anakuwaje?"

"Bado sijaumaliza."

"Nilidhani nitausikia kabla sijafa," mzee alisema, bila kejeli wala hasira. Akaweka kanzu mezani, akaondoka.

Mwatumu alishindwa kuishona. Kila alipokanyaga cherehani alimsikia baba yake. Siku ya tatu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba baraza liitishwe tena. Mbele ya watu wote alisema maneno ya baba yake, akaongeza kwamba aliyejaribu kuhamisha mpaka ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Ungeniambia mimi kwanza, dada," Ismaily alisema. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwake.

Jaruba likarudi kwa mwenyewe. Mwatumu alifuta hadithi zake na kutuma maneno ya kuomba radhi. Lakini zilishasambaa hadi Mtawanya na Kibiti mjini, kwa watu wasiomjua mzee wala jaruba lake. Alipokwenda kumwomba msamaha ana kwa ana, Abdulrazaq alimkaribisha mkekani.

"Mimi nimekusamehe. Shamba nimelipata," alisema. "Ila mjukuu wangu Salwa amegoma kwenda madrasa. Wenzake wanamwita mtoto wa Giza."

Kesho yake alasiri Mwatumu alifunga kibanda chake cha kushonea mapema, akavuka kijito, akamsubiri Salwa mlangoni kwao ili ampeleke madrasa. Amefanya hivyo kila siku hadi leo. Wakimwona, watoto wengine hunyamaza. Salwa hukubali kuongozana naye njia nzima, ila mkono hampi.