Sanduku Moja, Kijiji Kizima

Wiki iliyopita nilikuwa katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Nakuru, nikingoja kazi yangu, mama mmoja kutoka Mau Narok alipoomba kuonyeshwa anwani yake. Chama chao cha ardhi kilikuwa kikiwaita wanachama mkutanoni kwa barua, na asiyefika angehesabiwa kuwa ameliacha shamba lake.

Mhudumu alikuwa amekwisha kuigeuza orodha ya chama iweze kusomwa na mtambo mkubwa unaochapa anwani kwenye bahasha. Alitafuta kwenye kompyuta, akakuna shingo.

"Mathe, hauko."

"Siko vipi? Sanduku letu la posta ni la kanisa. Tunatumia kijiji kizima."

"Ndiyo shida. Kompyuta imeona sanduku ni moja, ikadhani ni mtu mmoja amejirudia. Imebakisha mmoja tu."

"Nani?"

"Wa kwanza kwa alfabeti."

Mama alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Na wengine wako kwa mahema tangu fujo ziwafukuze mashambani! Pasta ndiye huwapelekea barua. Watajuaje?"

"Nitarudia yote, mathe. Keti."

Hakuketi. Alisimama hadi bahasha yenye jina lake ilipotoka, akaligusa jina kwa kidole, kisha akauliza, "Na ya jirani yangu?"

Sheria niliyosomea hudhani kwamba barua iliyotiwa posta imemfikia mwenyewe. Ni dhana nzuri, mradi pawe na mtu aliyekataa kuketi.