Mikono Yangu Kwenye Nishani

Bibi niliyemhudumia kule ughaibuni, mjini Saint Louis Park, alikuwa mchongaji tangu ujana wake. Sanamu zake zilisimama bustanini na mbele ya mahakama, lakini kilichompa sifa zaidi ni nishani, zile za shaba zinazoenea kiganjani. Kila asubuhi nilimwogesha, nikampa dawa, nikamnyoosha mkono wa kulia, ambao kiharusi kiliuacha mzito kama gogo. Karakana yake, nyuma ya jiko, aliifunga. Hakutaka hata niifagie.

Siku moja ya baridi kali simu ikalia. Hospitali moja ya Saint Paul ilitaka nishani ya kuwatuza wauguzi wanaostaafu.

"Nimeshaacha kazi," akajibu. Kisha akanitazama nikimfunga vifungo vya sweta, akasema, "Ngoja. Nitakupigia."

Akanigeukia. "Umeuguza watu miaka mingapi?"

"Hapa au nyumbani Kenya?"

"Kote."

"Mama, hata sikumbuki. Tangu nimalize shule."

"Fungua karakana."

Nikaukimbilia ufunguo utadhani karakana ni yangu! Alitaka kuifinyanga kwa udongo mikono yangu miwili, inavyokuwa ninapompokea akiinuka kitandani. Ila mkono wa kulia haukumtii. Akajaribu wa kushoto. Mstari wa kwanza ukapinda, wa pili ukapinda, akautupa udongo ukutani. Nikauokota, nikaukanda upya.

"Tumeoga, tumekula," nikamwambia. "Haraka ya nini?"

Akacheka, akaanza tena.

Alifinyanga juu ya duara kubwa kama sahani. Baadaye mashine ingelipunguza duara hilo hadi ukubwa wa nishani. Hapo ndipo nilipojua kwamba kidole kwenye nishani huinuka kiasi cha unene wa ukucha tu, kinachobaki ni kazi ya kivuli. Nikawa nafika kabla ya shifti yangu, nakaa mbele yake na koti bado mwilini, nikiwa na hamu ya kuona kilichoongezeka.

"Mbona umeniwekea mishipa mingi hivi?" nikalalamika siku moja.

"Sijaiweka mimi. Tulia."

Majira ya kuchipua yalipofika, kifurushi kikaja kutoka kiwanda cha shaba. Nikakifungua mezani. Nishani ilikuwa baridi, nzito kuliko nilivyodhani, na juu yake mikono yangu, mpaka kovu la kisu kwenye kidole gumba. Nikapiga kigelegele, jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa!

Papo hapo nikampigia mama yangu Kisii kwa video, nikaisogeza nishani karibu na simu.

"Hivyo vidole ni vya nyanya yako," akasema, machozi yakimlengalenga. "Huyo mzungu alimwonea wapi?"

Nilipomtafsiria bibi, alicheka hadi akakohoa. Mwaka ule alikubali kazi nyingine mbili, moja ya maktaba na moja ya shule ya muziki. Ile ya muziki aliifanya peke yake kwa mkono ule wa kushoto, mimi nikikanda udongo tu.