Kushuka Mbele ya Kilio

Baiskeli ninayo mpaka leo. Ninachokitamani ni asubuhi ya Jumamosi kule kwetu Cimpunda, mjini Bukavu, baba amekwisha kunyoa ndevu, anapita mlangoni pangu na kuniambia nilale nikitaka, yeye anakwenda. Alijua vizuri kwamba sitalala.

Zilikuwa baiskeli mbili za milimani, za magurudumu manene na vitesi vingi, yaani gia, ambazo baba aliachiwa na padri mmoja wa kizungu aliyerudi kwao. Mtaani kwetu nyumba zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani, kwa hiyo tulizibeba begani mpaka barabara kubwa. Maman alitusindikiza kwa maneno. Mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi, miguu itakomaa kama ya mbeba mizigo wa bandarini, nani atamuoa? Baba alijibu kwamba huyo mume atashukuru siku gari likikosa mafuta.

Tulishika njia ya kaskazini, ziwa likiwa kuliani, mpaka soko la Mudaka, kisha Miti. Pale Miti tulikata kushoto na kuanza kupanda kuelekea msituni. Baba alikuwa mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia hawezi kupita jiwe bila kulisalimia. Alinionyesha nyumba ya mkoloni aliyelima kwinini, ambayo mbuzi walilala ndani ya meko yake. Alinionyesha kiwanda cha chai chenye paa la kutu, na kanisa la matofali ambalo babu zetu walilijenga kwa kuja misani kila mmoja na tofali kichwani. Nyuma ya kanisa yalikuwapo makaburi ya mapadri wa kwanza, chini ya miti iliyopandwa kwa mistari. Nilijifanya nimechoka na historia. Kusema kweli nilikuwa nikiingoja wiki nzima.

Baada ya makaburi njia ilikuwa nyekundu, yenye mawe na mizizi, halafu mikaratusi ikaisha na baridi ya msitu ikatupokea. Mpakani pale, katikati ya maharagi na migomba, ndipo alipokaa koko, mama mzazi wa baba. Alitupa viazi vitamu na kumpa baba kasiksi, pombe yake ya ndizi. Kisha alizizunguka baiskeli zetu kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, akauliza kama hizo kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, zimekunywa maji. Kila Jumamosi aliuliza hivyo, na kila Jumamosi baba alicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Safari hizo zilikuwa na sheria moja. Nyumba yenye msiba huko kwetu huwekewa majani ya migomba au matawi kando ya njia, ili mpita njia ajue kwamba pana kilio. Ukiyaona unashuka. Unavua kofia na kuikokota baiskeli mpaka uipite nyumba, na kama wenyewe wanakufahamu unaingia, unakaa nao kidogo karibu na moto, ndipo unaomba njia. Anayepita kilio akiwa juu ya baiskeli hutajwa kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Zamani hizo haikuwa taabu. Tuliweza kwenda na kurudi mwezi mzima bila kushuka popote, isipokuwa pale ambapo mlima wenyewe ulitushusha.

Ikaja vita ya kwanza, Jumamosi zetu zikakatika, zikaunganika tena kwa shida. Ikaja ya pili, na safari hiyo hazikuunganika. Watu wenye silaha waliingia msituni, wengine wakakaa barabarani, na mkulima akawa katikati yao. Baiskeli zikapandishwa darini zisije zikapata wenyewe wapya. Niliwahi kumkuta baba amepanda kiti, mkono wake uko juu ya dari, anaizungusha pedeli taratibu na kusikiliza mnyororo. Nilirudi nyuma kwa kunyata.

Halafu mama mmoja aliyeleta maharagi soko la Kadutu akatuletea habari ya koko. Amekonda. Mbuzi wake wamechukuliwa. Watoto wa kaka yake wamekimbilia Minova, naye amekataa kwenda nao, anasema atatoka pale siku mwanawe atakapomfuata. Siku hizo watu walisema njia imetulia kidogo. Magari hayakuwa yakifika huko, na vijana wa kiume walikuwa wakikamatwa njiani kubebeshwa risasi, hivyo tukaenda mimi na baba. Maman aliufunga mto wa kitanda nyuma ya baiskeli ya baba, mahali ambapo koko angeketi. Safari hiyo hakusema lolote kuhusu miguu yangu.

Majani ya kwanza tuliyaona kabla ya Mudaka. Tukashuka. Watu waliokaa pale walimtambua baba, maana alikuwa amefundisha nusu ya watoto wa barabara ile, wakampisha kwenye benchi. Tukakaa, tukapewa majina ya waliokufa, tukaomba njia. Hatukukanyaga sana kabla ya kuona majani mengine. Mbele yake mengine tena. Baada ya Mudaka niliacha kupanda, kwa sababu kutoka nyumba moja unaona majani ya nyumba ya pili. Tulizikokota baiskeli zetu zenye vitesi vyote vile kama watu wanaowaongoza punda wagonjwa. Kila penye kilio baba alivua kofia, na kila palipokuwa na mwanafunzi wake wa zamani, aliye hai au aliyelala, aliketi.

Jua lilikuwa limeshapinduka. Miti palikuwa na kizuizi cha askari ambacho kilifungwa alasiri, na mtu wa kilio cha mwisho alikuwa ametuonya. Niliuangalia ule mto wa kitanda uliofungwa nyuma ya baiskeli ya baba, hasira ikanipanda.

"Papa, tupite tu," nilimwambia. "Koko iko anatungojea."

Baba hakunipandishia sauti. Alikuwa ameshashuka mbele ya majani mengine, kofia mkononi.

"Tukipita juu ya kinga mbele ya kilio ya batu," alisema, "siku ya kwetu nani atashuka?"

Tulifika Miti, kamba ikiwa imekwisha kuvutwa barabarani. Askari hakuwa mtu mbaya, alimwita baba muzee na kumwambia arudi kesho. Tulilala kwa mwalimu mwenzake pale karibu ili tuwahi. Alfajiri risasi zikalia upande wa msitu, na watu wakaanza kuteremka na magodoro vichwani. Baba aliwauliza wote. Hakuna aliyemwona koko. Tulirudi Bukavu pamoja nao, mto ukiwa umekaliwa na mama mmoja mjamzito aliyechoka kutembea.

Habari ya kifo cha koko ilitufikia baada ya majira mawili ya mvua, na ilikuja fupi: amekufa. Nani alimfumba macho, nani alimzika, aliyetuletea hakujua. Tulifanya misa. Baba alirudi kufundisha. Mimi nilimkasirikia miaka mingi, na kila alipojaribu kunitania nilimjibu kwa neno moja moja. Niliamini kwamba tungepita vile vilio tungempata. Hata sasa siwezi kuapa kwamba haikuwa hivyo.

Njia ilipofunguka nilikuwa mtu mzima mwenye kazi ofisini. Niliteremsha baiskeli yangu kutoka darini, nikaweka tairi mpya, nikaenda peke yangu. Kiwanda cha chai kilikuwa kimenyang'anywa paa lote. Kanisa lilikuwa limesimama na matofali yake. Msitu ulikuwa umesogezwa nyuma na wachoma makaa, na pale kwa koko palikuwa na mihogo. Jirani yake wa zamani alikuwa analima, mwanamke niliyemkumbuka kwa kicheko chake. Alinishika mikono yote miwili, akanipeleka kwenye rundo la mawe, kaburi lililofyekewa majani vizuri, akaniambia kabla sijauliza:

"Koko yako tulimulilia. Tulitia majani ku njia. Batu bote balishuka, hata basoda benye bunduki."

Nilikaa pale kwenye mawe nikalia mpaka yule mama akaacha jembe na kukaa nami.

Jioni nilimkuta baba mlangoni, amestaafu, magoti yamemkataa. Nilianza na kiwanda, nikaja kanisani, nikafika kwenye makaburi ya mapadri. Alinisikiliza kwa adabu tu, yeye ambaye zamani kila jiwe alilidai. Kisha akanikatiza.

"Balishuka?"

Hapo nikajua ni swali gani alilokuwa nalo siku zote hizo.

"Balishuka, papa. Bote."

Aliomba maji, akayanywa taratibu, akaenda kulala kabla ya chakula. Jumamosi iliyofuata nilisikia hatua mlangoni pangu. Amenyoa ndevu. Akaniambia nilale nikitaka, yeye anakwenda.

Tulipanda gari mpaka Miti, baiskeli zimefungwa juu. Kutoka hapo alikanyaga mwenyewe, akisimama kila mara kupumua na kusingizia historia: hili jiwe, ule mti, hapa mkoloni aliangusha gari lake. Nilimsikiliza kila neno. Nilitamani njia isiishe, na tangu alipofariki ninaitamani hivyo hivyo.

Tulipokaribia shamba la mihogo hapakuwa na jani wala moto. Baba alishuka mbali, akavua kofia, akaanza kuikokota baiskeli yake. Nami nikashuka.